Kugeuza Mwelekeo wa Mota ya Brashi: Yampasayo Kujua Mnunuzi wa Ndege za Mfano

Mota ya umeme yenye brashi ni kifaa chepesi kueleweka na cha bei nafuu. Kwa sababu hiyo bado imo katika ndege nyingi za mfano zinazouzwa kwa wanaoanza, na katika ndege za zamani zinazouzwa mkono kwa mkono. Karibu kila anayeitumia huambiwa jambo moja: ukitaka izunguke upande wa pili, badilisha waya. Maelezo hayo ni kweli, lakini ni nusu tu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo humgharimu mtumiaji.

Mgogoro huanza hivi. Mnunuzi hununua mota na giaboksi, huona rafadha inazunguka kinyume, hubadilisha waya, na ndege huruka. Baada ya miruko michache nguvu hupungua, mota hutoa harufu ya kuungua, na brashi huwa zimelika. Mnunuzi husema aliuziwa bidhaa bandia, naye muuzaji hujibu kuwa mnunuzi ameiharibu mwenyewe. Huenda mota haikuwa bandia, wala mnunuzi hakufanya uzembe. Kilichokosekana baina yao ni maelezo kuhusu taimingi, yaani mahali brashi zinapogusa ndani ya mota. Katika makala haya tunaeleza taimingi ni nini, namna ya kuipima nyumbani, na maswali ya kumuuliza muuzaji kabla ya kulipa.

Mota ya brashi hufanyaje kazi

Ndani ya kopo la chuma la mota mna sumaku mbili zilizobandikwa ukutani. Katikati yake huzunguka amecha, ambayo ni kiini cha chuma kilichosukwa waya wa shaba. Mota ndogo za ndege za mfano kwa kawaida huwa na misuko mitatu. Mwishoni mwa amecha kuna komyuteta, yaani pete ya shaba iliyokatwa vipande vitatu, kila kipande kikiunganishwa na waya wa misuko. Brashi mbili, ambazo mafundi wengi huziita kaboni, hukandamizwa juu ya pete hiyo na springi ili kupitisha umeme.

Amecha inapozunguka, vipande vya komyuteta hupita chini ya brashi kimoja baada ya kingine, na umeme katika kila msuko hubadilishwa upande kwa wakati wake. Bila mabadiliko hayo amecha ingejipanga na sumaku na kusimama. Kwa kuwa sumaku za ukutani ni za kudumu, kubadilisha waya chanya na hasi hugeuza nguvu katika misuko yote, na shafti huzunguka upande wa pili. Hapo ndipo maelezo ya madukani huishia.

Taimingi ni nini

Iwapo mota ingezunguka polepole na bila mzigo, mahali pafaapo kuweka brashi pangekuwa katikati kabisa, kwa kupimwa kutoka kwenye sumaku. Mahali hapo tunapaita hali ya kati. Mota iliyo katika hali ya kati hufanya kazi sawasawa pande zote mbili.

Lakini mota ya ndege haifanyi kazi polepole. Huzunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika na kuvuta ampea nyingi, na hapo mambo mawili hutokea. Kwanza, misuko yenye umeme mwingi huwa sumaku yenyewe, nayo hupinda uga wa sumaku za ukutani, hivyo mahali pafaapo kubadilishia umeme husogea nyuma, kinyume na mzunguko. Pili, umeme ndani ya msuko haubadiliki upande papo hapo. Huhitaji muda mfupi, na kadiri mota inavyokwenda kasi ndivyo muda huo unavyokuwa haba.

Dawa ya yote mawili ni moja: mabadiliko yaanze mapema kidogo. Brashi husogezwa kwa nyuzi chache kinyume na upande ambao shafti inazunguka, ili zikutane na kila kipande cha komyuteta kabla ya wakati wake wa kawaida. Huko ndiko kuwahisha taimingi. Mota iliyowahishwa ipasavyo hutoa cheche ndogo chini ya mzigo, huzunguka kwa kasi zaidi, na brashi zake hudumu. Ikiwahishwa kupita kiasi huvuta umeme mwingi bila faida na kupata joto.

Kwa nini kubadilisha waya hakutoshi

Waya hugeuza umeme, lakini haziwezi kuzisogeza brashi. Mota iliyowahishwa kwa nyuzi 10 kwa ajili ya kuzunguka kulia, ikizungushwa kushoto, haiko tena mapema kwa nyuzi 10: imechelewa kwa nyuzi 10. Ukilinganisha na mahali ambapo brashi zingepaswa kuwa kwa upande huo mpya, umekosea kwa nyuzi 20.

Matokeo yake huonekana kwa macho na kwa pua. Cheche za buluu huizunguka komyuteta. Vumbi jeusi la kaboni hutoka kwenye matundu ya nyuma. Kopo huwa la moto kiasi cha kutoshikika, na muda wa kuruka hupungua kwa sababu sehemu ya umeme wa betri inageuka joto badala ya msukumo. Joto hilo hulainisha kifuniko cha plastiki kinachozishikilia brashi na hulegeza springi. Brashi zilizolegea hutoa cheche zaidi, na cheche huongeza joto. Mota inayofikia hali hiyo haina muda mrefu wa kuishi.

Mota iliyo katika hali ya kati, kwa upande wake, haidhuriki kwa kubadilishwa waya. Kwa hiyo swali la msingi si kama mota inaweza kugeuzwa mwelekeo, kwa kuwa kila mota ya brashi yenye sumaku za kudumu inaweza. Swali ni kama mota uliyo nayo imewekwa katikati au imewahishwa kwa upande mmoja.

Ni lini utahitaji mwelekeo wa kinyume

Ndege ya mfano ikitazamwa kutoka nyuma, rafadha ya kawaida huzunguka kwa kufuata mwendo wa saa. Mota iliyofungwa puani na kuunganishwa na rafadha moja kwa moja haihitaji kugeuzwa. Hali tatu huleta haja hiyo.

1. *Giaboksi ya gia mbili zinazogusana kwa nje.* Gia ya mota ikienda kulia, gia ya rafadha huenda kushoto. Giaboksi hupendwa kwa sababu humwezesha mwenye mota ndogo kutumia rafadha kubwa yenye msukumo mzuri katika mwendo wa polepole, lakini humlazimu kugeuza mota. Giaboksi yenye gia kubwa ya meno ya ndani, ile ya gia sayari yenye pete ya nje isiyozunguka, na ile ya mkanda, hazigeuzi mwelekeo.

2. *Mota inayosukuma kutoka nyuma.* Ikiwa rafadha ya kawaida imefungwa nyuma ya bawa na mota inatazama mkiani, shafti itapaswa kuzunguka kinyume na ilivyokuwa puani.

3. *Ndege ya mota mbili.* Baadhi ya wajenzi hupenda rafadha ya kushoto na ya kulia zizunguke kinyume ili ndege isivutwe upande mmoja.

Katika hali ya pili na ya tatu ipo njia nyingine iliyo rahisi zaidi: nunua rafadha iliyotengenezwa kwa mzunguko wa kinyume, na uiache mota izunguke upande wake. Wazalishaji wengi huitambulisha kwa herufi P au R baada ya namba za vipimo. Tunatahadharisha kuwa kuichomoa rafadha ya kawaida na kuifunga kwa kuigeuza uso wake si badala ya rafadha hiyo. Mwelekeo wa msukumo haubadiliki kwa kufanya hivyo. Rafadha hupoteza ufanisi tu.

Namna ya kuipima mota yako

Kipimo hiki hakihitaji kufungua kitu. Kinahitaji betri au chanzo cha umeme kisichozidi volti za mota, na mita yenye uwezo wa kupima hadi ampea 10. Mota za kundi la 400, ambazo kampuni ya Graupner ya Ujerumani ilizieneza kwa jina la Speed 400, ziliuzwa kwa matoleo kadhaa yakiwemo ya volti 6 na 7.2. Soma maandishi yaliyo kwenye mota yako kabla ya kuanza.

1. Ondoa rafadha na giaboksi. Usifanye kipimo hiki rafadha ikiwa imefungwa kwenye shafti.
2. Hakikisha hakuna dayodi iliyounganishwa kwenye vituo viwili vya mota. Tunaeleza sababu yake katika sehemu inayozungumzia hatari.
3. Ishike mota kwa jiliwa lenye kitambaa, bila kulibana kopo kupita kiasi.
4. Ikiwa mota ni mpya, iache kwanza izunguke bila mzigo kwa volti 2 au 3 kwa dakika kadhaa, ili uso wa brashi ukae vizuri juu ya komyuteta.
5. Unganisha mita katika mfululizo na mota, washa kwa sekunde 10 hadi 15, na uandike ampea zilizosomeka. Sikiliza pia mlio.
6. Zima, iache ipoe, badilisha waya kwenye mota, na urudie kwa volti zile zile.

Ampea na mlio vikiwa sawa pande zote mbili, mota iko katika hali ya kati. Vikitofautiana waziwazi, imewahishwa kwa upande mmoja, na kwa kawaida upande huo ndio wenye mlio mwembamba zaidi, yaani wenye kasi kubwa. Andika matokeo kwenye kipande cha karatasi na ukibandike kwenye mota. Alama ya kujumlisha au nukta nyekundu iliyo karibu na kituo kimoja huonyesha tu waya chanya uunganishwe wapi ili mota izunguke kwa mwelekeo wa kiwandani. Haisemi chochote kuhusu taimingi.

Kurekebisha taimingi, na wakati wa kuacha

Mota zilizotengenezwa ili zirekebishwe huwa na skrubu mbili zinazoshikilia kifuniko cha nyuma, mahali brashi zilipo. Skrubu zikilegezwa, kifuniko huzunguka pamoja na brashi. Kanuni ni ile ile: kifuniko kizungushwe kinyume na mwelekeo utakaotumika. Ikiwa, ukiitazama mota kutoka nyuma, shafti itazunguka kinyume na mwendo wa saa, kifuniko kisogezwe kwa kufuata mwendo wa saa.

Weka alama kwa kalamu kwenye kopo na kwenye kifuniko kabla ya kulegeza chochote. Anza kwa kutafuta hali ya kati, yaani mahali ambapo ampea ni sawa pande zote mbili, kisha songeza kidogo kidogo ukipima kila mara. Ampea zisizo na mzigo zikianza kupanda, inatosha. Nyuzi chache ni jambo dogo kuliko wengi wanavyodhani: katika mota yenye kipenyo cha milimita 28, nyuzi 10 ni kama milimita 2.4 tu ukingoni mwa kopo. Baada ya marekebisho, iache mota izunguke tena kwa volti ndogo katika mwelekeo wake mpya, kwa kuwa uso wa brashi ulikuwa umejichonga kwa upande wa zamani.

Mota nyingi za bei nafuu hazina skrubu. Kifuniko chake hushikwa na masikio ya bati yaliyokunjwa kutoka kwenye kopo. Wapo mafundi wanaoyakunjua, wakazungusha kifuniko na kuyakunja tena, lakini bati lililokunjwa mara mbili huwa dhaifu na huweza kukatika, na brashi huweza kuchomoka au kupinda wakati wa kazi. Aidha, mota iliyokunjuliwa masikio imeshafunguliwa, na ni nadra kwa muuzaji kuiheshimu dhamana yake. Kwa mota ya namna hiyo ushauri wetu ni kulinganisha gharama: bei ya kazi ya fundi pamoja na hatari ya kuiharibu, dhidi ya bei ya mota iliyo katika hali ya kati tangu kiwandani, au ya giaboksi isiyogeuza mwelekeo. Rahisi huwa ghali pale inapofanywa mara mbili.

Hatari tatu za kubadilisha waya

*Kidhibiti cha mwendo.* Kifaa hiki hukaa kati ya betri na mota. Waya za kubadilishwa ni zile za upande wa mota pekee. Waya za upande wa betri zikigeuzwa, kidhibiti huungua mara moja, na huweza kuiunguza pia redio inayopokea umeme kupitia humo. Kabla ya kukata au kuunga kwa risasi, weka alama kila upande na uiondoe betri.

*Dayodi.* Baadhi ya wamiliki huunga dayodi kwenye vituo vya mota ili kukilinda kidhibiti dhidi ya umeme unaorudi. Dayodi hupitisha umeme upande mmoja tu, na mstari wake huelekezwa kwenye waya chanya. Ukibadilisha waya za mota na kuiacha dayodi ilivyokuwa, unapowasha itakuwa njia fupi ya umeme kati ya chanya na hasi. Itaungua yenyewe, au itaunguza kidhibiti, au vyote viwili. Geuza dayodi kila unapogeuza waya. Kapasita ndogo za kauri zinazoungwa hapo ili kupunguza muingilio wa redio hazina chanya wala hasi, hivyo haziguswi.

*Rafadha.* Mota inayojaribiwa huweza kuanza bila kutarajiwa, na rafadha ya plastiki yenye upana wa sentimita 15 inatosha kukata kidole hadi mfupani. Vipimo vyote vifanyike bila rafadha. Inapolazimu kuifunga, simama nyuma yake, usisimame pembeni wala mbele, na uwaweke watoto mbali.

Mota zisizo na brashi

Mtumiaji mwenye mota isiyo na brashi, yenye waya tatu, hana tatizo hili. Akibadilisha waya zozote mbili kati ya tatu, mota hugeuka mwelekeo, na taimingi huwekwa na kidhibiti chake kwa njia ya kielektroniki, sawasawa kwa pande zote. Vidhibiti vya aina hizi mbili za mota havibadilishani: cha mota ya brashi hakiwezi kuendesha mota isiyo na brashi.

Unaponunua

Usiombe mota kwa jina lake pekee. Mweleze muuzaji kazi yenyewe: ndege ya aina gani, giaboksi gani, rafadha ipo puani au nyuma, na betri ya volti ngapi. Kisha muulize:

1. Je, mota hii iko katika hali ya kati, au imewahishwa kwa upande upi?
2. Je, inafaa kuzunguka kinyume na mwelekeo wa kiwandani chini ya mzigo?
3. Je, kifuniko chake kinaweza kurekebishwa bila kukunjua masikio?
4. Je, ni kitendo gani kitakachofuta dhamana?

Maswali haya yana uzito wa kisheria. Sheria ya mauzo ya bidhaa ya Tanzania (Sura ya 214), sawa na ile ya Kenya (Sura ya 31), ina kanuni kwamba mnunuzi akimjulisha muuzaji kazi mahususi atakayoifanyia bidhaa, kwa namna inayoonyesha kuwa anautegemea ujuzi wa muuzaji huyo, na bidhaa ikiwa ya aina anayoiuza katika biashara yake, basi bidhaa hiyo inapaswa kuifaa kazi hiyo kwa kiasi cha kuridhisha. Anayetaja jina la kibiashara tu na kuondoka huweza kuikosa kinga hiyo. Kwa hiyo omba risiti, na mwombe muuzaji aandike juu yake maneno machache, kwa mfano "kwa giaboksi, mzunguko wa kinyume". Maandishi hayo huondoa ubishi wa nani alisema nini.

Anayenunua mota iliyotumika kutoka kwa mtu binafsi hana kinga ya namna hiyo, kwa kuwa anayemuuzia si mfanyabiashara wa bidhaa hizo. Kinga yake ni kipimo tulichokieleza. Omba mota izungushwe pande zote mbili mbele yako, tazama cheche kupitia matundu ya nyuma, na chunguza masikio ya bati. Yakiwa na alama za koleo, mota imewahi kufunguliwa, na taimingi yake huenda si ile ya kiwandani.

Ikiwa mota imeharibika nawe uliifuata kazi uliyomweleza muuzaji, usiifungue. Irudishe ikiwa nzima pamoja na risiti na karatasi ya vipimo vyako. Mota ambayo haijafunguliwa bado inaweza kupimwa na mtu wa tatu, na matokeo ya kipimo hicho ndiyo yatakayoonyesha kama kosa lilikuwa la kiwandani, la ushauri uliopewa dukani, au la matumizi.